Salamu za Krismasi: Wazee Wetu wa Savannah

Wapendwa wasomaji, Bwana Yesu asifiwe. Krismasi imewadia, nami nawatakia heri ninyi nyote: mliosafiri kwenda kwa wazazi, mliobaki mjini kwa ajili ya kazi au kwa kukosa nauli, na ndugu zetu mlioko ughaibuni. Mwaka huu nimependa salamu zangu ziambatane na habari za kanisa moja la mahali, First African Baptist Church la mjini Savannah, jimbo la Georgia, Marekani. Mengi ya kukumbukwa katika historia ya kanisa hilo yalitokea katika majira haya haya ya Desemba na Januari, na tena sisi Wabaptisti wa Afrika Mashariki tuna undugu nalo ambao ni nadra kuusikia ukitajwa.

Kanisa hilo huhesabu umri wake tangu mwaka 1773, alipookoka mtumwa aliyeitwa George Liele. Bwana wake, Henry Sharp, ambaye alikuwa shemasi wa Kibaptisti, alimpa uhuru ili ahubiri, naye akawa akipita katika mashamba ya kandokando ya Mto Savannah akiwahubiria watumwa. Waingereza waliposhindwa katika vita vya uhuru wa Marekani na kuondoka Savannah mwaka 1782, Liele naye aliondoka kwenda Jamaica, akaanzisha kanisa mjini Kingston, na hayo yote yalifanyika miaka kadhaa kabla William Carey, mmisionari maarufu Mwingereza, hajapanda meli kwenda India. Kabla ya kuondoka alimbatiza Andrew Bryan pamoja na mkewe Hannah na wanawake wengine wawili, Kate Hogg na Hagar Simpson. Waliobaki, basi, walikuwa watu wachache wasio na mchungaji, wasio na kiwanja na wasio na ruhusa ya mtu yeyote.

Bryan, ambaye wakati huo alikuwa bado mtumwa, alianza kuwaonya na kuwatia moyo wenzake, na kundi likaongezeka. Tarehe 20 Januari 1788 mchungaji mzungu, Abraham Marshall, alimwekea mikono na kulitambua kundi lile kuwa kanisa. Njia yao haikuwa rahisi, kwa kuwa wenye mashamba waliogopa kwamba watumwa wakikusanyika watapanga uasi. Bryan na ndugu yake Sampson walikamatwa wakatiwa ndani, na washirika wapatao hamsini walipigwa viboko. Bryan alichapwa hadi damu ikamtoka, naye, kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa London miaka michache baadaye, aliinua mikono akasema kwamba anafurahi kuchapwa na yuko tayari hata kufa kwa ajili ya Kristo. Bwana wake, Jonathan Bryan, aliwatetea, na wakapewa ghala katika shamba lake la Brampton wafanyie ibada humo, kwa sharti kwamba wasikusanyike isipokuwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua.

Siku mbili kabla ya Krismasi, tarehe 23 Desemba 1800, Bryan alimwandikia barua John Rippon, mchungaji wa Kibaptisti wa London. Anaeleza kwamba washirika wamefika karibu 700, kwamba wanahubiri mara tatu kila Jumapili, na kwamba hubatiza mtoni watu kumi hadi thelathini kwa mara moja. Anataja kwamba ana miaka 63 na afya njema, na kwamba mkewe amekwisha kukombolewa. Kisha, bila kubadili sauti, anasema binti yake wa pekee ameolewa na mtu huru, lakini yeye na watoto wake saba, kwa sheria za nchi, ni watumwa. Na katika barua hiyo hiyo, akitaja mali aliyojaliwa, yaani nyumba, kiwanja na ekari 56, anaongeza kwamba ana watumwa wanane. Sioni sababu ya kuificha sentensi hiyo kwa kuwa tu ni sikukuu. Mtu yule yule aliyechapwa kwa ajili ya Injili alimiliki watu, na anayetaka kumheshimu Bryan amheshimu pamoja na habari hiyo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Desemba 1802, kanisa hilo lilitoa sehemu ya washirika wake waanzishe kanisa la pili mjini humo, chini ya Henry Cunningham. Nalipenda jambo hilo kuliko hesabu ya wale 700, maana makanisa yetu mengi yangeona kwamba kupunguza watu siku ya pili ya Krismasi ni kujipa hasara. Si kila mgawanyiko ulikuwa wa amani, hata hivyo. Ugomvi wa mwaka 1832 uliacha makanisa mawili, First African na First Bryan, ambayo hadi leo yote mawili yanadai urithi wa mzee Bryan. Anayeijua mikutano ya washirika ya Kibaptisti hatashangaa.

Jengo la matofali lililopo Franklin Square lilikamilika mwaka 1859. Simulizi za kanisa zinasema lilijengwa usiku, baada ya watumwa kumaliza kazi za mabwana zao, na kwamba wanawake walibeba matofali kwa aproni. Katika sakafu ya chini kuna matundu yaliyotobolewa kwa mpangilio, ambayo hufanana na alama za kidini za Wakongo, na wenyeji husema yaliwapa hewa watumwa watoro waliofichwa chini yake.

Mwishoni mwa mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini aliuteka mji, na tarehe 22 Desemba akampelekea Rais Lincoln simu ya maandishi akimpa Savannah kuwa zawadi ya Krismasi. Tarehe 12 Januari 1865 viongozi ishirini wa makanisa ya watu weusi waliitwa mbele ya Sherman, akiwamo mchungaji wa First African, William Campbell. Msemaji wao, mzee Garrison Frazier, naye Mbaptisti, alipoulizwa watu wake watajitunzaje, alijibu kwamba wapewe ardhi waifanyie kazi kwa mikono yao wenyewe.

Sasa nieleze ule undugu. Makanisa mengi ya Kibaptisti ya Tanzania na Kenya huanza historia yake mwaka 1956, walipofika wamisionari wa Southern Baptist Convention, yaani umoja wa Wabaptisti wa kusini mwa Marekani. Umoja huo ulizaliwa mwaka 1845 mjini Augusta, jimbo hilo hilo la Georgia, upande wa juu wa mto ule ule ambamo Bryan alikuwa akibatiza, na chanzo cha kujitenga kwake kilikuwa kudai kwamba mwenye watumwa aruhusiwe kuwa mmisionari. Mwaka 1995 uliomba radhi kwa hilo. Nawashukuru wamisionari waliotuletea Neno, na wengi wetu tulifundishwa nao kusoma Biblia. Lakini watoto wetu wanapofundishwa habari za Wabaptisti wa Georgia, itawafaa wajue kwamba kanisa la watumwa lilikuwapo huko zaidi ya nusu karne kabla ya mkutano wa Augusta, na kwamba lilikwisha kumtoa mmisionari wake.

Nawatakia Krismasi njema, safari salama kwa wanaorudi makazini, na mkesha wa Mwaka Mpya wenye baraka. Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.