Tufungue boksi kabla ya kulipia ndege ya kuunganisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme na wazazi, walimu na wauzaji juu ya jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa mchezo wa watoto, nalo ni uchaguzi wa seti za plastiki za kuunganisha ndege za kivita za zamani. Nilifundisha stadi za kazi hapa Mbeya kwa miaka mingi, na tangu nistaafu vijana wa mtaani kwetu Uyole huja barazani kwangu kila Jumamosi kuunganisha ndege hizo, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyashika kwa mikono yangu.

Mwezi Mei nilimwagizia mjukuu wangu seti ya MiG-17, ndege ya kivita ya Kisovieti, kutoka duka moja la Dar es Salaam, ikaletwa kwa basi. Picha ya juu ya boksi ilipendeza mno: ndege ya rangi ya fedha ikikata mawingu. Tulipofungua, tulikuta kioo cha chumba cha rubani kina mikwaruzo, nusu mbili za kiwiliwili zimepinda kiasi cha kuacha mwanya wa kupitisha kucha, na stika zimegeuka manjano. Stika hizi hulowekwa majini ili ziachane na karatasi yake; zetu zilikatika vipande vipande ndani ya bakuli mbele ya macho ya mtoto. Hakulia. Alirudisha kila kitu ndani ya boksi, akaliweka juu ya kabati, na hakuligusa kwa wiki tatu.

Niliporudi kuichunguza seti ile nilielewa kilichotokea. Kalibu ya chuma ambayo plastiki hukandamizwa ndani yake hudumu kwa miongo mingi, na kiwanda huweza kuirudisha tena kazini au kuikabidhi kwa kiwanda kingine, huku boksi likipewa picha mpya na tarehe mpya kila mara. Mnunuzi hudhani amepata kazi ya mwaka huu, kumbe amenunua kalibu iliyochongwa kabla mzazi wake hajazaliwa. Sisemi kwamba kalibu kuukuu haifai, kwani fundi mzoefu mwenye msasa na subira hutoa humo ndege nzuri sana, lakini mtoto anayeanza hapaswi kupewa mzigo huo bila mtu kumwambia.

Wazazi wengi huniuliza waanze na ndege ipi, nami huwajibu bila kusita kwamba waanze na MiG-17. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1950, na injini yake, VK-1, ilitokana na injini ya Nene ya Rolls-Royce, ambayo Serikali ya Uingereza iliruhusu iuzwe kwa Wasovieti mwaka 1946. China nayo iliiunda kwa jina la J-5, na ndege za ukoo huo zilizotoka China zimewahi kutumiwa na jeshi letu la anga, kwa hiyo mtoto wa Kitanzania anapoishika haunganishi historia ya watu wa mbali tu. Zaidi ya hapo, inamfundisha kutazama. Juu ya kila bawa la MiG-17 husimama vibati vitatu vinavyozuia hewa isitiririke kuelekea kwenye ncha, ilhali MiG-15 iliyoitangulia ina viwili. Mtoto akishavihesabu, hakuna picha ya boksi itakayomdanganya. MiG-21 yenye mabawa ya pembetatu ingoje zamu yake.

Juu ya skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko ndege halisi, wengi hukimbilia boksi kubwa. Mabawa ya MiG-17 halisi yana upana wa meta 9.63 kutoka ncha hadi ncha, ambao katika skeli ya 1/72 huwa kama sentimita 13, katika 1/48 sentimita 20, na katika 1/32 sentimita 30. Kwa vidole vya mtoto wa miaka kumi na miwili napendekeza 1/48, kwa sababu magurudumu na kiti cha rubani vinashikika bila kibano, na bado ndege inakaa juu ya rafu ya vitabu. Ile ya 1/72 ni nafuu zaidi, lakini kijana mmoja aliyetaka kuichora bendera yetu juu ya mkia kwa mkono, kwa kuwa ndani ya boksi hapakuwa na alama za Tanzania, alishindwa na mistari ya njano, ambayo katika udogo ule ilitakiwa iwe myembamba kama unywele.

Lipo pia jambo la uzito, ambalo karatasi ya maelekezo hulitaja kwa mstari mmoja tu au huliacha kabisa. Modeli ya MiG-17 huelemea nyuma na kukalia mkia wake usipoipa uzito puani, na pua yenyewe ina tundu la kuingizia hewa, hivyo nafasi ni finyu. Sisi hutumia chubwi za wavuvi zinazouzwa Kyela, tukizibana chini ya sakafu ya rubani kabla ya kufunga kiwiliwili. Na kwa kuwa baridi yetu ya Juni na Julai huwafanya watu wafunge madirisha, nawasihi wazazi wayaache wazi watoto wanapotumia gundi ya plastiki, kwa maana mvuke wake ni mkali.

Ninachowaomba wauzaji ni wamruhusu mnunuzi afungue boksi dukani, akitazame kioo, azitazame stika, aziweke pamoja nusu za kiwiliwili bila gundi, na aambiwe mwaka wa kalibu pale unapojulikana. Kwa sisi wa nyanda za juu tunaoagiza kwa simu na kupokea mzigo stendi, picha tatu za vilivyomo zilizopigwa kabla hatujatuma fedha zingetutosha.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.