Ndege wa Mida Wasitimuliwe kwa Ajili ya Picha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie picha za ndege wa pwani, hasa zile zinazopigwa hapa kwetu Mida, karibu na Watamu. Nimetembeza wageni kandokando ya hori hili, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, kwa miaka mingi, na kila msimu naiona picha ya aina moja ikirudi magazetini: kundi kubwa la ndege angani, migongo na mikia imetuelekea, jicho hata moja halionekani, na msomaji hawezi kujua kama anaowatazama ni sululu, vitwitwi au membe. Mara nyingi picha hiyo hupatikana kwa kuwakimbilia ndege au kuwapigia makofi mpaka waruke. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuombwa kuifanya kazi hiyo, nami nikaifanya.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, siku ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalikuwa yamefunika matope yote na kuacha ulimi mmoja wa mchanga, na juu yake walisimama ndege mamia kwa mamia, wengi kwa mguu mmoja, midomo wameificha ndani ya manyoya ya mgongoni. Wageni wangu wawili walitaka picha ya ndege wakiruka, kwa hiyo nikatangulia, nikapiga makofi. Kundi liliinuka, likazunguka mara tatu likitafuta pa kutua, halafu likavuka upande wa pili wa hori. Mama mmoja aliyekuwa akirudi na ndoo yake ya chambo akasimama, akanitazama, akaniambia, "Mwanangu, hao walikuwa wamelala." Jioni tulipozitazama picha zenyewe, hatukuona ila mikia ya kijivu na mabawa yaliyofifia.

Ningependa wasomaji wajue ndege wale walikuwa akina nani. Wengi walikuwa wale vitwitwi wenye mdomo uliopinda kidogo, ambao huzaliana katika nyanda za baridi kaskazini mwa Siberia na kufika kwetu kuanzia mwezi wa Agosti. Uzito wao wa kawaida ni gramu 60 hivi. Ifikapo Aprili huwa wanajaza mafuta mwilini kwa ajili ya safari ya kurudi, na vifua vyao hugeuka kutoka rangi ya kijivu hadi wekundu wa tofali lililochomwa. Huo ndio wakati wanapopendeza zaidi kwa picha, na ndio wakati ambao kila mruko wa bure huwapunguzia akiba ya safari.

Niliyejifunza kwake namna ya kuwakaribia ni mama yule yule na wenzake wachimba chambo. Maji yanapokupwa, wao huingia matopeni wakiwa wameinama, husogea polepole na kwa upande, hawawakodolei ndege macho, na hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nimeona vitwitwi wakila hatua kumi tu kutoka kwa mama anayechimba, ilhali mgeni aliyesimama wima na kamera yake huwafukuza akiwa bado mbali. Tangu hapo nawashauri wageni wangu waende kama wachimba chambo, na wakishafika walale kifudifudi juu ya gunia, lenzi ikaribie kugusa matope. Ukimpiga ndege picha ukiwa umesimama, anaonekana amebandikwa mchangani pamoja na kivuli chake. Ukishuka hadi usawa wa jicho lake, matope ya nyuma hulainika yakawa kama pazia, na ndege mwenyewe hujitokeza hadi unyoya wa mwisho.

Jambo kubwa zaidi ya yote, hata hivyo, ni maji. Anayekuja Mida bila kutazama jedwali la kupwa na kujaa hupoteza siku yake, kwa sababu maji yakiwa yamekupwa kabisa ndege hutawanyika mbali mno, na yakiwa yamejaa kabisa wanapumzika na hawafai kusumbuliwa. Saa ya kuwapiga picha ni pale maji yanapopanda. Katika siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu hupwa kabla ya adhuhuri na kujaa alasiri, kwa hiyo mtu aliyekwisha kulala kimya pembeni mwa mikoko upande wa bara huletewa ndege na maji yenyewe, hatua kwa hatua, huku jua likiwa mgongoni mwake. Ufuo wetu unaelekea mashariki. Anayewapiga picha asubuhi akitazama baharini hupata vivuli vyeusi tu, kisha huilaumu kamera.

Kuhusu kamera sina mengi. Kasi ya shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, isipungue sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde hata kwa ndege anayetembea, kwa maana vitwitwi hawatulii. Mchanga mweupe huidanganya kamera ikaitia picha giza, hivyo inafaa kuiongezea mwanga kidogo. Lakini ndege mweupe akiwa juu ya matope meusi, fanya kinyume, usije ukamuunguza akawa doa jeupe lisilo na unyoya. Mwenye simu asivute picha kwa vidole viwili. Aiweke simu kwenye kioo cha kuchungulia cha darubini iliyosimamishwa imara, atapata picha ambayo hakuitarajia.

Ndege anayestahili subira hiyo kuliko wote ni yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama kisu cha mvuvi. Hutoka Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, pwani zile zile majahazi ya kaskazi yalikotoka, na huko huchimba shimo mchangani na kutaga, kwa kawaida, yai moja tu. Mtoto wake humfuata mzazi hadi huku kwetu, na bado utamwona, kijivu mgongoni, akimlilia alishwe. Katika kundi lililotimuliwa huwezi kuliona jambo hilo hata mara moja.

Eneo letu limekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968, na wavuvi wetu wamelazimika kuzoea masharti ya mahali pa kuvua na nyavu za kutumia. Sioni kwa nini mpiga picha asiwe na sharti lake. Nakuomba, Mhariri, dawati lako la picha liache kuchagua picha za makundi yaliyotimuliwa, na kila picha ya ndege wa pwani iandikiwe jina la ndege, mahali, na hali ya maji ilipopigwa. Wasomaji watajifunza upesi kutofautisha, na wapiga picha watafuata kile kinachochapishwa.

Nimeambatanisha picha moja. Ilipigwa na kijana wa kijiji chetu kwa simu ya kawaida iliyoshikizwa kwenye darubini yangu, alasiri ya bamvua, maji yakipanda. Inamwonyesha mla kaa mchanga ameinamisha shingo mbele ya mzazi wake, na mguu wa kaa bado unaning'inia mdomoni mwa mzazi. Ilimchukua saa mbili na robo kuipata, na alipojikokota kurudi kwenye mikoko, ndege wote walikuwa wangali wamesimama pale pale.

Mtembeza watalii,
Mida, Kaunti ya Kilifi