Kwa mpwa wangu aliyepata C ya kemia

Mpwa wangu,

Mama yako kanipigia jana usiku. Hakusema mengi, ila nimeelewa: umepata C kwenye kemia ogani, na mshauri wa masomo amekwambia uuache udaktari, utafute "kitu kinachokufaa zaidi." Sijui alikuwa na nia gani. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo kabla hujazaliwa, kwa sauti ya upole. Ule upole ndio ulioniuma, angenifokea ningembishia.

Nianze kwa kukuudhi. C ni C. Vyuo vya udaktari huku Marekani vinazitazama sana alama za sayansi, na hakuna atakayejua kwamba ulikuwa ukifanya kazi za usiku usipomwambia. Lakini wanatazama pia alama zinaelekea wapi. Aliyeanza na C akaja kupata A ya biokemia hasomeki sawa na aliyeanza juu akaporomoka. Na safari yenyewe ni ndefu: miaka 4 ya shahada ya kwanza, 4 ya udaktari, halafu residensi, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, ya miaka 3 hadi 7. Ukisimama mwaka mmoja katikati ukajipanga, hakuna atakayekucheka. Wengi niliofanya nao kazi walisimama.

Mtihani wa MCAT, ule wa kuombea nafasi chuo cha udaktari, usiukimbilie. Ni siku nzima, karibu saa saba na nusu, na alama zake ni kati ya 472 na 528. Chama cha vyuo vya udaktari, AAMC, kina mpango wa kuwapunguzia gharama wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, na kinawapa nyenzo za kujiandalia. Omba KABLA hujajiandikisha. Ukishalipa, hawarudishi. (Mama yako atasema hatuombi msaada. Mwachie mimi.)

Sasa hilo neno "kinachokufaa." Lina umri mrefu kuliko mshauri wako. James McCune Smith alikataliwa na vyuo vya Marekani kwa sababu ya weusi wake, akapanda meli kwenda Uskoti, akarudi na shahada ya udaktari ya Glasgow ya mwaka 1837. Mwaka 1910 ikatoka ripoti ya Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu, juu ya vyuo vya udaktari vya Marekani. Vyuo vya watu weusi vilikuwa 7. Akashauri vibaki 2, Howard na Meharry, na vingine 5 vikaja kufungwa. Hesabu wewe mwenyewe ni madaktari wangapi weusi waliokosa pa kusomea. Leo weusi ni kama 13 katika kila Wamarekani 100, lakini katika madaktari 100 hawafiki hata 7. Na tangu Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani imevizuia vyuo kutumia rangi katika udahili, ingawa bado unaruhusiwa kueleza katika insha yako rangi hiyo imekupitisha wapi. Ieleze.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mama yako. Unajua natibu figo. Kwa miaka mingi tulikuwa na kanuni ya kukadiria figo zinavyofanya kazi, na mgonjwa akiwa mweusi tulizidisha jibu lake, likapanda kwa asilimia 16 hivi. Maana yake, figo zake zilionekana nzima kuliko zilivyo, na anayehitaji figo mpya haanzi kuhesabiwa muda wa foleni mpaka namba yake ishuke hadi 20. Siku moja, tukiwa kwenye raundi ya kuwapitia wagonjwa wodini, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, binti mweusi mpole, akaniuliza: "Daktari, kwa nini huyu mama tunamzidishia?" Nikafungua mdomo, nikakosa jibu. Mimi, mweusi, nilikuwa nimewazidishia wagonjwa weusi zaidi ya miaka kumi bila kuuliza. Nilijibu kitu kuhusu misuli, eti weusi wana misuli mingi zaidi. Hata mimi sikukiamini.

Wanafunzi kama yule, katika vyuo mbalimbali, ndio waliokuwa miongoni mwa waliolikomalia jambo hilo. Mwaka 2021 ikapendekezwa kanuni mpya isiyouliza rangi, na baadaye wagonjwa weusi waliopunjwa wakaanza kurudishiwa muda wao wa foleni. Nilipozipitia faili za wagonjwa wangu wa zamani, nilikuta wawili ambao muda huo haukuwa na maana tena. Majina yao ninayo.

Yule binti aliwahi kunidokeza kwamba kemia ogani aliirudia.

Kwa hiyo, Jumapili baada ya saa kumi jioni, nipigie. Uwe na ule mtihani wako mkononi, na majibu uliyokosea uyaache kama yalivyo, usifute hata moja. Nina hisia ni ile mishale ya elektroni ndiyo inayokuchanganya. Hata mimi ilinichanganya.

Mjomba wako