Kioo cha dirisha kisiwekwe bafuni

Mhariri,

Tafadhali tupatie nafasi. Nyumba nyingi zinazojengwa Njiro, Moshono na hata Shanty Town kule Moshi zinawekewa kibanda cha kioo bafuni, na kosa ni lile lile: kioo cha dirisha kinafungwa mahali pa kuogea, mwenye nyumba akiambiwa ni tempa.

Tempa ni kioo kilichopashwa moto zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Kikivunjika hubomoka punje punje. Cha dirisha hutoka vipande virefu vyenye makali, na aliye ndani yuko uchi na sakafu inateleza. Tena asubuhi za Juni na Julai, kioo kikiwa baridi kama mawe na hita ikimwaga maji ya moto upande mmoja tu, cha dirisha kinaweza kupasuka bila kuguswa.

Stika isikudanganye, maana stika hubanduliwa. Tafuta muhuri mdogo uliochomwa kwenye kona, usiotoka hata ukiukwangua kwa wembe. Ipo dalili nyingine iliyo wazi zaidi: fundi akileta kioo kwako akasema "nakipunguza kidogo hapa pembeni", huyo kabeba cha dirisha. Tempa haikatwi wala haitobolewi. Ukijaribu, inasambaratika yote. Matundu ya bawaba na mkono hutobolewa kabla ya kuchomwa.

Ndiyo maana usiagize kwa kutazama ramani. Subiri vigae vibandikwe, kisha pima upana chini, katikati na juu, kwani kuta zetu mara chache husimama wima. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, utoe nafasi ya mpira na bawaba kama mtengenezaji alivyoelekeza. Shusha na timazi. Ukuta ukiwa umelala sentimita 1 kwa kimo cha mita 2, fremu ya alumini inaweza kuuficha. Kioo kisicho na fremu kitaacha pengo, na maji yatapita hapo hapo.

Kwenye fremu, unene wa milimita 6 unatosha. Bila fremu anzia 8. Wengi hukimbilia 10 kwa sababu ya sura, wakisahau uzito: kila milimita 1 ya unene ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Mlango wa sentimita 70 kwa 190 wenye milimita 8 unafika kilo 26 na ushee. Wa milimita 10, kilo 33. Mzigo huo unaning'inia kwenye bawaba mbili, na kama ukuta ni wa tofali zenye matundu, fisha (plagi ya kushikia skrubu ukutani) inashika hewa. Mlango unaanza kulala, kona yake inagusa kigae, na tempa ikigongwa ukingoni huweza kumwagika yote. Dawa yake ni kujaza zege kwenye matundu ya tofali pale bawaba zitakapokaa, kabla ya plasta. Baada ya vigae umechelewa.

Mlango ufunguke kwa nje, ili mtu akianguka ndani usimbane. Kama choo kiko karibu na mlango utakigonga, chukua wa kuteleza kwenye reli, ukikubali kuisugua reli hiyo kila wiki.

Bawaba ziwe za stenlesi 304 (chuma kisichoshika kutu kirahisi) au shaba ya njano. Za zinki zilizopakwa kromu huvimba na kumenyeka kwenye unyevu. Wanaopima kwa sumaku wajue kuwa zinki nayo haivutwi, kama stenlesi 304.

Sakafu iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Silikoni haiwezi kurekebisha sakafu iliyoinama upande mbaya. Kwenye fremu, silikoni ipakwe upande wa nje. Ukiziba na ndani, maji yaliyoingia kwenye fremu hukosa pa kurudi, yanaota ukungu na kutokea kwenye korido. Usioge kabla ya saa 24 kupita tangu silikoni ipakwe.

Kama birika lako linashika ukoko mweupe, kioo nacho kitashika. Kifute kwa mpira wa kufutia vioo kila baada ya kuoga. Alama zilizokwisha kukaa zitoe kwa siki na maji nusu kwa nusu, ila siki isiguse mawe ya marumaru, kwani huyala.

Mafundi wa vioo na alumini,
Arusha