Joho lisiishie kwenye harusi na mahafali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni vazi. Kipupwe kimeshaingia huku Nyanda za Juu Kusini, na kila asubuhi, kuanzia Makambako hadi Makete, unawakuta watu wazima wamejikunyata vituoni wakingoja usafiri, mikono kwapani, ndani ya makoti ya mtumba ambayo hayakushonwa kwa ajili yao: mabega yamepwaya, mikono imepita vidole na zipu zimekufa siku nyingi. Hoja yangu ni kwamba tunalo vazi linaloifaa hali hii kuliko koti, yaani vazi pana la kujitanda mabegani lisilo na mikono, na kwamba hatuna sababu ya maana ya kuliacha lifungiwe katika harusi, mahafali na picha za watalii.

Ninaposema joho simaanishi lile la tarizi ya zari peke yake. Nalihesabu joho la pwani, ndiyo, lakini nauhesabu pia mgolole, shuka la Kimaasai linalofungwa fundo begani, nguo waliyojifunga lubega wazee wetu, na hata blanketi ambalo mlinzi wa usiku hujitanda bila kuomba ruhusa ya mtu. Yote hayo ni vazi la namna moja, ambalo uzito wake wote hubebwa na mabega na sehemu iliyobaki huachwa ianguke yenyewe.

Manufaa yake ya kwanza ni joto, na hapa ndipo watu hukosea wakidhani kwamba vazi lisilobana haliwezi kumpa mtu joto. Kinachotukinga na baridi ni ile hewa tulivu iliyonaswa kati ya mwili na kitambaa, na joho pana hunasa hewa nyingi. Halafu kuna suala la mabadiliko ya hali ya hewa kwa siku moja, ambalo kila mkazi wa Njombe analifahamu: saa moja asubuhi meno yanagongana, saa saba mchana jua linachoma, jioni baridi inarudi. Mwenye koti zito huishia kulibeba mkononi mchana kutwa. Mwenye joho hulifungua kifuani, akalirudisha nyuma ya mabega, na jua likizidi akalikunja na kulikalia juu ya benchi au kulifanya mto kwenye basi la kwenda Dar es Salaam. Usiku likawa blanketi.

Manufaa ya pili, ambayo kwangu ndiyo makubwa zaidi, ni ya kina mama. Mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni hawezi kufunga koti. Ama alivae chini ya mbeleko, mtoto abaki nje kwenye upepo, ama aliache wazi, apigwe yeye kifua. Joho huwafunika wote wawili kwa pamoja na kumwachia mama mikono yake. Bila shaka ndiyo maana wanawake wetu hawakuwahi kuacha kabisa desturi hii: khanga au kitenge cha kujitanda mabegani kipo sokoni kila asubuhi na hakuna anayekishangaa. Anayeshangaliwa ni mwanamume. Akijitanda shuka nje ya Umasai huulizwa kama anaumwa.

Sitakawia sana kwenye gharama, kwa kuwa kila fundi ataeleza vizuri kuliko mimi, ila niseme tu kwamba vazi lisilo na mikono, mifuko wala zipu lina mishono michache, halihitaji vipimo vya kutoa jasho, na halimkatai mtu aliyenenepa au kijana aliyerefuka. Baba na mwana huweza kupokezana joho moja. Cha kuangalia ni kitambaa. Sufu huendelea kuhifadhi joto kiasi hata ikilowa, wakati pamba ikilowa humpoza mvaaji na kumwelemea. Mashuka mengi ya madukani siku hizi ni ya akriliki, ambayo ni mepesi na hukauka upesi, lakini upepo hupenya kama yamefumwa kwa kulegea, na yakishika moto huyeyuka na kugandia mwilini. Kwa hiyo mtu asiyavae akiwa ameinama kwenye jiko la kuni.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mavazi ya zamani na dunia imeshayaacha. Dunia ipi? Lesotho, nchi ambayo sehemu yake iliyo chini kabisa ina mwinuko wa mita zipatazo 1,400, watu huvaa blanketi la sufu mabegani na kulibana kwa pini, wakiwa sokoni, kwenye farasi na kwenye sherehe za kitaifa, na hakuna anayewaambia kwamba wamesahau kuamka. Ethiopia, katika nyanda za juu kama za Addis Ababa, wanaume hujifunika gabi, vazi la pamba iliyosokotwa kwa mkono na kufumwa, lenye tabaka nne, hasa asubuhi na jioni. Hata Uingereza, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wauguzi wa hospitali walivaa joho fupi la rangi ya buluu lenye bitana nyekundu juu ya sare zao walipotoka wodi moja kwenda nyingine, na sidhani kama yupo atakayedai kwamba muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa mtu wa kujipamba.

Sisi wenyewe tuliliacha kwa sababu nyingine. Wasomaji wenye umri wanakumbuka kampeni ya mwaka 1967 na 1968 mkoani Arusha, ambapo Wamaasai walitakiwa kuacha mashuka yao na kuvaa suruali na mashati ili waonekane wamestaarabika. Nia ya waliobuni kampeni ile inawezekana ilikuwa njema. Taifa lilikuwa changa na lilitaka kuonekana limevaa. Lakini fundisho lililobaki ni kwamba nguo ya kujitanda ni dalili ya kubaki nyuma, na fundisho hilo bado linafanya kazi: katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilishuhudia mzee akiambiwa na mlinzi avue shuka lake ndipo aingie, naye alikuwa amevaa shati safi na suruali iliyopigwa pasi. Wakati huohuo hoteli za kitalii huwavisha wahudumu wao mashuka yaleyale mekundu na kuwatoza wageni fedha.

Na uzuri nao tusiuonee haya. Tarehe 18 Desemba 2022, katika uwanja wa Lusail, Amiri wa Qatar alimvisha Lionel Messi joho jeusi kabla hajainua Kombe la Dunia, na mabishano yaliyofuata duniani hayakuwa na maana kubwa kwa mtu wa Unguja, Mombasa au Muscat, ambaye tangu utotoni anajua kwamba anayeheshimiwa huvishwa joho. Bwana harusi wa mwambao, akishavaa kanzu na kilemba, hajakamilika mpaka joho likae begani. Mawakili huingia nalo Mahakama Kuu. Wahitimu wa vyuo hulikodi kwa siku moja, wakapiga picha, wakalirudisha jioni kwa hofu ya faini. Kumbe tunakubaliana sote kwamba vazi hili humfanya mtu asimame wima na atembee kwa utulivu, kwa kuwa halimruhusu kutupa mikono ovyo. Tunachokataa ni kuvaa hadhi hiyo siku ya Jumanne tukienda kununua dawa ya mahindi.

Hata hivyo sitaki kulipamba kupita kiasi. Kuna mahali joho halifai, na la kwanza ni kwenye bodaboda. Kila mtu amesikia habari za khanga au buibui lililoshikwa na gurudumu au mnyororo, na joho refu ni hatari hiyohiyo. Anayepanda pikipiki alivue na alikunje, au alikusanye lote mapajani kabla dereva hajaondoka. Na dereva mwenyewe, kwa maoni yangu, asilivae kabisa. Halifai karibu na mashine ya kusaga au ya kukoboa, wala shambani wakati wa kulima. Anayebeba begi la mgongoni atapata shida pia, kwa kuwa mikanda hulivuta joho na kuliziba. Ama begi likae ndani, naye aonekane ana kibiongo, ama abebe la mkononi. Upepo mkali wa Kitulo, ambako asubuhi nyingine za Juni na Julai nyasi huamka na sakitu, hulipeperusha joho lisilo na kifungo. Mengi ya matatizo haya hupungua likishonwa liishie kidogo chini ya magoti, likawekewa bizimu imara shingoni, kishikizo kimoja kifuani, na mianya miwili ya kutolea mikono. Kofia iliyoungwa kwenye kola si anasa kwa sehemu zenye manyunyu, mradi isimzibe mvaaji macho anapovuka barabara.

Ninachoomba hakihitaji sheria wala bajeti. Wakuu wa ofisi wawaelekeze walinzi wao kwamba mtu aliyejitanda shuka safi amevaa kwa heshima. Mafundi wetu, ambao sasa wanashindana na mtumba bila matumaini, watundike mlangoni majoho machache ya kitambaa kizito na kuona kama hayataulizwa bei. Na kamati za shule za wilaya zenye baridi zifikirie kuruhusu joho fupi la rangi ya sare kwa wanafunzi wa madarasa ya chini, badala ya sweta ambayo mzazi hulazimika kununua upya kila mtoto anaporefuka. Mtoto wa darasa la kwanza anayeondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, akiwa na kaptura na sweta iliyotoboka viwiko, angeweza kulivaa joho hilohilo mpaka darasa la nne, kisha akamwachia mdogo wake.

Msomaji wako,
Njombe Mjini