Usimtaje Muuaji, Mama Nuru

Chumbageni, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Kwako shoga yangu mpenzi, Mama Nuru,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe pamoja na baba watoto na Nuru mwenyewe, ambaye nasikia amekuwa mrefu kukupita na hataki tena kutumwa dukani. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha ya kutosha, bei ya samaki imepanda kama ilivyo desturi yake, na yule bibi wa nyumba ya kona bado anakuulizia kila anaponiona nikipita na kitabu kwapani. Shemeji yako ananitengenezea rafu ya vitabu ukumbini. Amekuja kupima ukuta, ameacha mbao barazani na vumbi kila mahali, na kazi bado haijakwisha. Ungeweza kuniuliza kwa nini sikupiga simu, lakini jambo lililonikalisha kitako leo halisemeki kwa simu, kwa sababu ungecheka mpaka salio likwishe na kuniacha na hasira zangu.

Jambo lenyewe ni hili: kuna mtu ametoboa siri ya muuaji, tena ndani ya kitabu chenyewe.

Naomba unisikilize kwa utaratibu. Unakikumbuka kitabu changu cha Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla, kile nilichokikuta kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini karibu na stendi, nikakivika karatasi ya kaki kwa sababu jalada lake lilikuwa limeanza kuachana na uzi. Tangu tulipoanza kuazimana riwaya za upelelezi hapa mtaani, nimekuwa nikibandika karatasi tupu ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu ili anayemaliza kusoma aandike maoni yake, kwa sharti moja tu, kwamba asiseme mwisho wala asimtaje mhalifu. Sharti hilo lilishikwa vizuri sana. Watu waliandika kwamba wamelala usiku wa manane, kwamba wamegombana na waume zao kwa sababu ya taa, kwamba walimshuku huyu kisha wakamshuku yule, na hakuna hata mmoja aliyeharibu utamu wa mwenzake. Wiki iliyopita kitabu kimerudi, nikakifungua ili nimpelekee mama wa duka la dawa ambaye amekisubiri kwa muda mrefu, nikakuta pale mhusika fulani anapotajwa kwa mara ya kwanza kuna msalaba wa penseli pembeni, na chini yake neno moja: "Huyu!"

Nimelifuta kwa ufutio mpaka karatasi ikaota manyoya, lakini halikusaidia kitu, kwa maana aliyeandika alikandamiza kwa nguvu na alama imebaki imedidimia. Ukiinamisha ukurasa kuelekea dirishani, msalaba unaonekana vizuri kuliko maandishi yenyewe. Sasa kitabu hiki nitamwazima nani? Nikikitoa hivi kilivyo, nitakuwa nimempa mtu maiti na muuaji kwa pamoja, na kumwomba asijue chochote.

Mwalimu wa hesabu ananiambia kwamba ninakuza mambo, kwamba kitabu kizuri hakiharibiki kwa kujulikana mwisho wake, na kwamba yeye mwenyewe husoma ukurasa wa mwisho kwanza ili aone kama inafaa kupoteza muda. Unamjua. Nimelifikiria neno lake kwa uadilifu zaidi kuliko linavyostahili, nami nimeona kwamba ana haki nusu. Chukua Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba. Hakuna msomaji anayefungua Kikosi cha Kisasi akiwa na shaka ya kweli kwamba Willy Gamba atakufa, kwa kuwa tunajua anaonekana tena katika vitabu vilivyofuata, na mara nyingi hata adui tunamjua mapema: ni vibaraka na majasusi wanaotaka kuhujumu harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, zama ambazo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Hata hivyo tunasoma tukiwa tumeshikilia pumzi, kwa sababu swali letu si nani aliyefanya, bali ni namna gani mtu huyu atatoka katika chumba hiki. Ndiyo taharuki hiyo, na taharuki haifi kwa kuambiwa mwisho. Ben Mtobwa aliijua sana kazi hiyo, na ndiyo maana mpelelezi wake Joram Kiango bado ana wapenzi, wakiwemo wale waliowapa watoto wao jina la mwandani wake kisha wakamwambia bibi mzaa baba kwamba jina limetoka usingizini. (Siri yako ninaitunza. Mimi si mtu wa misalaba ya penseli.)

Lakini kwa Muhammed Said Abdulla hali ni tofauti kabisa, na hapo ndipo mwalimu wetu anapopotea. Pale hakuna mbio za magari wala bastola kila sura. Kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, kuna Najum rafiki yake anayeona yote anayoyaona mwenzake bila kuelewa hata moja, kuna mazungumzo marefu, na kuna maiti iliyokutwa mahali ambapo watu wote walikuwa tayari kuamini kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Utamu wote umewekwa katika kutojua. Ukimwondolea msomaji kutojua huko kwa mara ya kwanza, umemnyang'anya kitu ambacho hawezi kukipata tena maisha yake yote, hata akikisoma kitabu kila mwaka.

Nasema kwa mara ya kwanza, kwa sababu nakiri kwamba usomaji wa pili una raha yake. Baada ya hasira kupoa nilikaa na kitabu hicho chenye jeraha, nikakisoma nikifuata mtu mmoja tu, yule aliyewekewa msalaba, ili nione mwandishi alimfichaje. Shoga yangu, nilistaajabu. Hakumficha kabisa! Amemweka mbele yetu mchana kweupe, akatupa mazungumzo ya ukoo, nani alilelewa na nani, nani alioa wapi, nani alisafiri na akarudi lini, na sisi tukayapitia kama umbea wa barazani usio na kazi, tukikimbilia mahali penye damu. Mgeni angeweza kusema kwamba mazungumzo hayo ni kujaza kurasa. Mtu aliyekulia pwani, anayejua kwamba hapa kwetu hakuna habari yenye uzito kuliko nani ni mtoto wa nani, hana udhuru wa kutoyaona.

Hilo ndilo jibu langu kwa lalamiko jingine la mwalimu, ambaye pamoja na kusoma mwisho kwanza ana ujasiri wa kudai kwamba Abdulla hachezi kwa haki. Amesoma mahali habari za Ronald Knox, yule padri Mkatoliki wa Uingereza ambaye mwaka 1929 alitoa sheria kumi za riwaya za upelelezi, na tangu siku hiyo hatupumui. Sheria mojawapo inasema kwamba mhalifu lazima awe ametajwa mapema katika hadithi; nyingine inakataza kabisa nguvu zisizo za kibinadamu. Nilimwonyesha kwamba kwa hiyo ya kwanza, hata msalaba wa penseli ni ushahidi, maana umewekwa sura za mwanzo! Kwa hiyo ya pili nilimwambia atafute mwandishi aliyeitimiza katika mazingira magumu zaidi. Knox aliwaandikia watu ambao tayari walikuwa wamezoea kuona mzuka katika riwaya kama uvivu wa mwandishi. Abdulla aliwaandikia watu ambao jina la Giningi, mahali panapohofiwa kwa uchawi na mizimu, lilitosha kuwafanya wafunge dirisha, akathubutu kuita riwaya yake Kisima cha Giningi, na bado akamwacha Bwana Msa atafute mkono wa mwanadamu nyuma ya kila kitisho. Kumwambia msomaji wa namna hiyo kwamba si mzimu, ni jirani yako, kunahitaji moyo.

Mwalimu alinyamaza, kisha akataja Agatha Christie na kile kitabu chake cha mwaka 1926 kilichowagawa wasomaji kwa ajili ya mwisho wake, na nusura aueleze mwisho wenyewe mbele ya watoto waliokuwa wakinisaidia kupanga vitabu. Nilimmiminia chai kikombe kingine ili mdomo upate kazi.

Lakini narudi kwenye penseli, kwa sababu sijamaliza nayo. Nimefanya upelelezi wangu, nawe ni lazima uupitie, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa hodari wa kumkamata mhalifu kabla ya sura ya tano. Kitabu hiki kilitoka kwangu kwenda kwa nesi wa nyumba ya pili, kikaenda kwa mwalimu, kikarudi ukumbini kwangu, na kikakaa juu ya meza kabla sijakifungua. Nesi hana tabia ya kuandika katika kitabu. Yeye hukunja pembe za kurasa, dhambi nyingine ambayo nimekwisha kumsamehe. Mwalimu huandika, lakini hutumia ile penseli ya kubonyeza yenye risasi nyembamba kama sindano, na mwandiko wake hausomeki na binadamu. Alama yenyewe ni nene sana. Tena si nene sawasawa: mstari mmoja wa msalaba ni mpana, na ule unaoukata ni mwembamba, kana kwamba ncha ya penseli haikuwa ya mviringo bali bapa. Na kati ya ukurasa huo na unaofuata nilikuta unga mwembamba wa rangi ya kahawia, ambao kwanza nilidhani ni kazi ya mchwa. Kila niliyemwuliza anaapa kwamba si yeye, na mmoja amejitetea kwa kusema kwamba yeye maishani mwake hajawahi kusoma riwaya, kwamba riwaya ni mambo ya wanawake na wanafunzi. Usiniandikie jina. Niandikie sababu tu, nione kama zinalingana na zangu.

Sasa nije kwenye haja yangu, maana ninayo haja, tena mbili.

Ya kwanza ni kwamba unitafutie huko Unguja nakala nyingine ya Mzimu wa Watu wa Kale, hata ikiwa chakavu, mradi kurasa za mwisho zipo na hakuna mtu aliyefanya busara pembeni. Ukipata na Siri ya Sifuri, au hata Mke Mmoja Waume Watatu, usiniulize bei, nunua kisha nitakulipa.

Ya pili ni nzito kidogo. Ninataka tuache kubandika karatasi tupu, badala yake kila kitabu kiwe na ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, wa kumkaribisha msomaji na kumpa hamu bila kumpa jibu, na kwa Abdulla sioni mtu mwingine wa kuuandika isipokuwa wewe, kwa kuwa Makunduchi, alikozaliwa Abdulla mwaka 1918, ni mahali unapokwenda kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Ningependa useme kwamba Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960, na kwamba mpelelezi wake amebeba herufi za kwanza za jina la mwandishi. Useme pia kwamba kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, mtu huyu alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya. Mimi naamini kwamba ukaguzi huo ulimfunza mengi, kwa kuwa bwana afya huingia uani, huona kilichofunikwa, na hujifunza kutoamini maneno ya mwenye nyumba. Ila usiweke neno hata moja kuhusu ukoo. Ukigusa ukoo tu, wasomaji wetu wa hapa ni wajanja, watashtuka.

Nami nitauandika wa Musiba, ingawa hapo kazi ni rahisi: unampa mtu kurasa mbili za mwanzo na kumwondolea kitabu mkononi, kama yalivyokuwa yakitufanyia magazeti na lile neno lao la "Itaendelea", tukingoja toleo lingine huku tukimlaani mhariri.

Je, wewe unaonaje, mgeni wa riwaya hizi aanze na nani? Mimi nasema Abdulla, mwalimu anasema Musiba, na kijana wa nesi anasema wote ni wazee, apewe Mtobwa. Unadhani Nuru angeweza kuanza na Bwana Msa, au Kiswahili kile cha zamani kitamchosha? Bado una daftari letu la shule, lile tulilokuwa tukiandika majina ya tunaowashuku kisha tunabadilishana? Kina baba huko kwenu husoma waziwazi au nao hujificha? Na lini utakuja, hata kwa siku chache, tukae barazani tubishane ana kwa ana?

Kitabu ukikipata mpe yule dada anayepanda boti kwenda Dar es Salaam kila mwisho wa mwezi, naye atakiweka kwenye basi la Tanga kwa jina langu. Jibu la penseli litangulie kwa posta, tafadhali, lifike kabla rafu haijakwisha.

Nisalimie wote.

Shoga yako wa Chumbageni