Alama haisemi kila kitu

Mombasa, Jumapili usiku

Swahibu yangu,

Assalaam aleikum. Ile sauti yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili. Nimefurahi kusikia umepata watu wa kukaa nao hapo Ruwi, maana ule mwezi wako wa kwanza Muscat ulinitia wasiwasi kweli. Nakuandikia badala ya kukujibu kwa sauti kwa sababu haya ya gemu ya kriketi utataka kuyasoma tena ukiwa na padi ya kuchezea mkononi.

Wasema kila Alhamisi wenzako wa kazini, yule wa Kerala na wale wawili wa Lahore, wanakufunga. Zamu ya kupiga unajitahidi, lakini zamu ya kurusha ikifika mipira yako yote inaishia nje ya mpaka. Kisha ukasema, kwa kupitia tu: "Naiweka alama kwenye miguu yake, najaza spidi, naachia." Hapo ndipo ulipo ugonjwa, na nashukuru ulinitajia.

Cricket 07 ni gemu kongwe. EA Sports waliitoa mwaka 2006, na mashabiki wa India na Pakistan hawajaiacha. Wenyewe wanaitengenezea jezi mpya na majina mapya ya wachezaji, ndiyo maana hao wenzako wanayo kwenye laptopu mpaka leo. Wameishika tangu utotoni. Wamekuzidi miaka, basi. Hilo linazibika.

Hebu ifikirie zamu yako pole pole. Mrushaji anaanza kukimbia. Wewe unachagua aina ya mpira kwa kitufe, na unaisogeza ile alama ya mviringo pale chini. Mpira utadunda hapo. Kisha kuna kipimo kinachopanda. Ukibonyeza kwenye kijani mpira unatoka na nguvu zake zote, ukichelewa umevuka mstari: ni nobo, yaani mpira haramu, umetoa runi (pointi) ya bure na mpira unarudiwa. Sasa kumbuka mnacheza kwenye skrini moja. Mwenzako amekaa bega kwa bega nawe, na alama unayoiona wewe anaiona na yeye. Ukiituliza mapema kwenye miguu yake umeshampa anwani. Anasogea nusu hatua, anauinua mpira, unapaa.

Lakini alama ile, swahibu, haisemi kila kitu. Inasema mpira utadunda wapi. Haisemi utamfikia kwa njia gani, wala ukishadunda utakata kwenda wapi. Mimi kurusha nilikuelewa siku nilipolitambua hilo, na nilikuwa nimeshapoteza mechi nyingi mno pale kwa binamu yangu Majengo.

Jaribu ova hii, yaani mipira sita ya mrushaji mmoja. Mpigaji wake ni wa mkono wa kulia, mrushaji wako ni wa kasi na mpira bado mpya. Mpira wa kwanza: alama iweke mbele kidogo ya pale anapoweza kuufikia kwa hatua moja, nje kidogo ya kijiti cha ofu, yaani katika vile vijiti vitatu nyuma yake, kile cha upande wa mbali na miguu yake, na uchague mpira unaopinda kwenda nje. Spidi usiijaze, ishie katikati ya kijani. Ataukosa au ataugusa bila faida. Wa pili: hapo hapo, vile vile. Wa tatu: hapo hapo tena. Huenda akakupiga nne, yaani runi nne za mpira kufika mpakani, kupitia upande wa ofu, na hapo moyo wako utakwambia ubadilishe. Usibadilishe! Hiyo nne ndiyo chambo. Sasa mkono wake umeshazoea, vidole vimeshakaa kwenye kitufe cha kuelekea ofu kabla mpira haujatoka. Wa nne alama iache pale pale, usiitikise hata kidogo, ila kitufe ubonyeze cha mpira unaopinda kuingia ndani. Ataunyooshea gongo nje kama alivyozoea, na mpira utapita katikati ya gongo na padi zake za mguuni. Utasikia ile sauti ya vijiti kuanguka, na hapo ameshatoka. Nakuhakikishia, hakuna sauti tamu kuliko hiyo katika gemu nzima.

Umeona kwamba alama haikusogea? Wengi wanadhani hila ni kuikimbiza alama huku na huku mpaka dakika ya mwisho. Ile nayo ina siku yake, lakini mpigaji mzoefu akiona alama inacheza anatulia na kusubiri. Alama iliyotulia ndiyo inayomlaza.

Yoka, yaani mpira wa kudunda kwenye vidole vya miguu, na wewe naona unaupenda sana, ni mpira wa kuokoa ova ya mwisho. Ukikosea kidogo tu unakuwa mpira usiodunda kabisa, na huo hata mtoto anaupiga sita, yaani runi sita za kuuvusha mpaka hewani. Baunsa, yaani mpira unaodunda na kumpanda mpaka kichwani, rusha mmoja, umrudishe nyuma kwenye vijiti vyake, kisha ufuatishe mpira wa mbele kabla hajajirudi.

Nije kwenye spini, yaani mpira wa pole unaozungushwa ili ukishadunda ukate, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Unakumbuka tarehe 24 Februari 2003? Tulikuwa wadogo, tumebanana mlangoni pa lile duka la Makadara lenye televisheni juu ya friji. Kenya na Sri Lanka, Kombe la Dunia, Nairobi Gymkhana. Tulipata runi 210, sitini kati ya hizo za Kennedy Otieno, na wazee pale dukani wakasema hazitoshi. Kisha akaja mdogo wake, Collins Obuya, na spini yake ya kifundo cha mkono. Aravinda de Silva, Jayawardene, Sangakkara, wote wakamwangukia. Wiketi 5, yaani wapigaji watano aliowatoa, kwa runi 24, Sri Lanka wakaishia 157, na timu yetu ikaendelea mpaka nusu fainali. Mpira wake haukuwa na kasi hata kidogo. Ulipaa juu ya macho yao, ukashuka mapema kuliko walivyodhani, ukakata. Nilikuwa sijui sheria hata moja siku ile, lakini nilimwona mpigaji wa dunia anamtazama kijana wetu kama mtu aliyepotea njia mtaani kwake.

Hicho ndicho unachoweza kukifanya kwenye laptopu hapo Ruwi. Mrushaji wa spini ya kifundo ana mipira miwili inayodunda mahali pamoja: wa kawaida, unaokata kwenda ofu kwa mpigaji wa mkono wa kulia, na gugli, unaokata kinyume chake. Alama moja, njia mbili. Rusha ule wa kawaida mara nne, hata akikuchukua runi moja moja, mwache azichukue. Gugli uiweke akiba mpaka utakapomwona anatoka nje ya mstari wake kukufuata. Ukiirusha mapema umeichoma, na ova nzima iliyobaki anakuwa anaingoja.

Yule wa Lahore mwenye mashine mpya ya gemu akikualika, utakuta mambo mengine kidogo. Big Ant, wale watengenezaji gemu wa Melbourne, tangu walipotoa Don Bradman Cricket 14 waliuhamishia urushaji kwenye stiki ya kulia: unaivuta chini mrushaji anaporuka, unaisukuma juu mkono unapoachia, na kwa spini unaizungusha kama mtu anayekoroga uji, kisha unaisukuma mbele. Mwanzoni vidole vitakataa. Mpira nao huko unachakaa na uwanja unapasuka kadiri mechi inavyokwenda, kwa hivyo mrushaji wa kasi mtumie mapema, wa spini umngoje. Lakini akili ya ova ni ile ile.

Jambo jingine, na hili naona umelisahau kabisa. Mnacheza ova tano. Mrushaji mmoja haruhusiwi zaidi ya ova moja katika mechi fupi hivyo, sawa na ova nne katika mechi za ova ishirini. Maana yake unahitaji warushaji watano, na wewe wasema wakali wako wawili unawamaliza kwenye ova ya kwanza na ya pili, ukabaki na wachovu mwishoni mwenzako akiwa ameshachemka. Mmoja mkali fungua naye. Spini iweke ova ya tatu, wapigaji wakiwa na pupa ya kupandisha runi. Yule mkali wa pili mfunge kamba mpaka ya tano, hata ukiona unapigwa vipi ya nne.

Na uwapange watu wako uwanjani kufuata alama yako. Kama ova nzima unarusha upande wa ofu, wachezaji watatu upande wa mguu wanafanya nini? Walete huku. Mmoja msimamishe karibu na kipa, kwenye slipu, kwa ule mpira wa kwanza unaopinda nje. Mpigaji akiugusa kwa ukingo utadakwa hapo.

Nimeandika mpaka adhana ya Isha imepita. Mama yako nilimwona sokoni Kongowea, amependeza, aliniuliza kama unakula vizuri nikamwambia ndiyo. Basi usinitie uongoni. Alhamisi mkimaliza kucheza, hata iwe saa ngapi, nitumie sauti. Matokeo ya mechi utaniambia baadaye. Nataka kwanza kujua mpira wa nne wa ova ya kwanza, alama iliwekwa wapi, na yeye alinyoosha gongo upande gani.

Swahibu yako,
wa Makadara